Mkono wa Fundi Mkuu: Habari za Usimamizi wa Kazi ya Useremala

Neno fomeni limekwisha kuingia katika karakana zetu, pwani na bara, wala sina ugomvi nalo. Maneno mengi ya kazi yetu yalikuja kwa njia hiyo hiyo: meza na parafujo tulipewa na Wareno, msumari tulipewa na Waarabu, randa ilitoka upande wa Waajemi. Lakini walimu wanaofundisha kazi ya mikono huulizana mara kwa mara, ni neno gani la Kiswahili limfaalo mtu anayewaongoza maseremala. Wengine husema msimamizi, wengine mnyapara, wengine fundi mkuu, na wako wanaoandika yote matatu katika barua moja kama kwamba ni mamoja. Si mamoja. Kila moja limetoka mahali pake na kuja na desturi yake, na mtu akiitwa kwa neno fulani miaka mingi, huanza kufanya kazi kwa jinsi ya neno hilo. Nimesimamia karakana ya shule miaka kumi na mmoja, nami nimeona kwamba fitina nyingi za karakana, ambazo wakubwa hudhani ni za mishahara, kwa kweli ni fitina za maneno haya.

Nianze na kiwanda. Siku hizi tusikiapo neno hili twafikiri nyumba kubwa yenye mashine na moshi, lakini hapo kale kiwanda kilikuwa uwanja tu, mahali palipofyekwa, pengine chini ya mwembe au katika banda la makuti, ambapo watu hukaa na kufanya kazi ya mikono. Mwenye kiwanda alikuwa fundi. Neno fundi ni ndugu wa neno kufunda, lile lile litumikalo kwa mwari anapofundwa ndani, na pamoja nayo ni kufunza na mafunzo. Basi katika Kiswahili fundi si mtu awezaye kazi tu. Ni mtu ambaye kazi yake yaweza kutoka kwake na kumwingia mwingine. Na yule aliyeketi karibu naye akiokota maranda na kunoa patasi aliitwa mwanafunzi. Walimu wa dini wanalijua sana neno hili, kwa kuwa ndilo walilolichagua wafasiri wa Injili kwa wale waliomfuata Bwana. Lakini katika kiwanda mwanafunzi hakuwa mtu wa kitabu. Alikuwa mwana katika nyumba ya fundi, aliyetumwa maji na kuni na kupigwa kofi akiharibu, na alipohitimu jamaa zake walimpa fundi zawadi iitwayo kilemba. Hata leo neno hili lasikika mahali pengine, ijapokuwa kilemba chenyewe kimegeuka kuwa fedha.

Sasa, fundi mkuu alikuwa nani? Si aliyekuwa na nguvu kuliko wenziwe, wala si lazima awe mzee kuliko wote. Nadhani jambo lenyewe twaweza kuliona vizuri tukitazama vipimo vya zamani. Wanda ni upana wa kidole kimoja. Futuri ni toka ncha ya gumba hata ncha ya kidole cha shahada, vikitanuliwa. Shibiri ni toka gumba hata kidole cha mwisho. Mkono, au dhiraa, ni toka kiwiko hata ncha ya kidole cha kati, na shibiri mbili ni mkono mmoja. Mikono minne ni pima, yaani mtu akinyosha mikono yake miwili, toka ncha hata ncha. Vipimo hivi vyote vilikuwa katika mwili wa mtu, na hakuna dukani palipouzwa mkono.

Msomaji aliye seremala amekwisha kuona taabu yake. Miili si sawa. Mtu mrefu na mtu mfupi hupitana kwa nyanda mbili au zaidi katika mkono mmoja. Mlango ukiwa na mikono mitano kwenda juu, na mmoja akachonga mwimo wa kuume kwa mkono wake, na mwenziwe mwimo wa kushoto kwa mkono wake yeye, kizingiti cha juu kitakaa kama mtu aliyeinama kuangalia kisimani, maana tofauti imekuwa karibu shibiri moja. Kwa hiyo kazi ya watu wengi haikuwezekana ila kwa mkono mmoja. Ilikuwa lazima watu wote wakubali kwamba leo, katika kazi hii, mkono ni mkono wa fulani, na kijiti kilichokatwa kwa kadiri ya mkono huo ndicho kitakachozunguka kiwandani. Mwenye mkono huo ndiye fundi mkuu. Ukuu wake ulikuwa katika kipimo kabla ya kuwa katika amri.

Alikuwa na kitu cha pili, nacho ni ngeu. Vijana wa sasa wakisikia ngeu hufikiri jeraha la kichwani au ugomvi, lakini kwa maseremala ngeu ni udongo mwekundu wa kutilia alama. Uzi hupakwa ngeu, hunyoshwa juu ya gogo au ubao, huvutwa juu kwa vidole viwili kisha huachwa, nao hupiga mstari mwekundu ulionyoka toka mwanzo hata mwisho. Msumeno na tezo hufuata mstari huo. Kupasua na kuchonga kwaweza kufanywa na watu kumi, lakini kupiga ngeu ni kazi ya mmoja, kwa sababu mstari ukishapigwa mti umekwisha kuhukumiwa: huku utakuwa mwimo, huku utakuwa kuni. Apigaye ngeu lazima aone ndani ya gogo kabla halijafunguliwa, ajue moyo wa mti umepita wapi, na kama lina ufa au fundo au nyuzi zilizojisokota.

Milango ya Zanzibar na Lamu yaonyesha jambo hili kuliko maneno yangu. Mlango mkubwa wa nakshi una miimo miwili, kizingiti cha juu kipana ambacho pengine kimeandikwa aya ya Kurani au mwaka, mbao mbili za kufunga, na mfaa katikati. Mafundi walipenda mbao ngumu: mbambakofi wa pwani, msaji uliokuja kwa jahazi kutoka Bara Hindi, na Unguja hata mfenesi. Nakshi ya mwimo huanza chini, pengine kwa samaki au kwa mawimbi, ikapanda juu kama mnyororo au mzabibu, ikafika pembeni na kukutana na nakshi ya kizingiti. Wachongaji waweza kuwa watatu au wanne, kila mtu na kipande chake, mmoja kivulini na mwingine barazani. Siku ya kuunganisha, ua la mwimo halina budi kukutana na ua la kizingiti pasipo wanda hata nusu kuzidi. Sultani Barghash alipojenga Beit al-Ajaib, iliyokwisha mwaka 1883, milango yake mikubwa ilikuwa kazi ya mikono mingi, na aitazamaye leo hawezi kusema hapa ameacha fulani na hapa ameshika fulani.

Basi huo ndio ukoo wa neno la kwanza. Maneno mengine mawili hayakuzaliwa kiwandani kabisa.

Msimamizi ni neno la shamba. Edward Steere, aliyekuwa Askofu wa Zanzibar baadaye, alipotoa kitabu chake cha kufundishia Kiswahili mwaka 1870, wakubwa wa shamba la karafuu au la minazi walikuwa watatu kwa daraja: msimamizi, kisha nokoa, kisha kadamu. Msimamizi alisimama mahali pa bwana. Nokoa na kadamu kwa kawaida walikuwa watumwa wenyewe, waliowekwa juu ya watumwa wenzao. Kazi ya hao watatu haikuwa kujua karafuu kuliko wachumaji. Ilikuwa kuona kwamba watu wapo, kwamba hawajalala, kwamba kiasi cha leo kimetimia. Nokoa na kadamu wamesahauliwa pamoja na utumwa wenyewe, uliofutwa katika sheria ya Unguja na Pemba mwaka 1897, lakini msimamizi alibaki, akavaa kanzu safi, akaingia ofisini na shuleni.

Mnyapara ni neno la safari. Lilikuja pwani pamoja na Wanyamwezi, ambao kwao mnyampara alikuwa mkubwa wa watu. Katika misafara ya pembe alikuwa mkuu wa kundi la wapagazi, awapangiaye mizigo, awagawiaye posho, ajibuye kwa tajiri mtu akitoroka. Mnyapara mwema alikuwa baba kwa watu wake, na habari nyingi za safari zasema hivyo. Walakini misafara ilipokwisha, neno likahamia barabarani na mashamba ya mkonge, na mwisho likaingia gerezani, ambako nyapara ni mfungwa aliyewekwa juu ya wafungwa. Neno likishalala gerezani haliwezi kurudi nyumbani na harufu ile ile. Ndiyo sababu nawasihi walimu wasiwaite vijana wao wanyapara hata kwa mzaha.

Na hapa niongeze neno la nne, dogo, ambalo lafaa kukumbukwa: kibarua. Ni barua ndogo, yaani kikaratasi alichopewa mtu wa kazi ya siku kuwa ushahidi wa kazi yake. Wengi wa vibarua wa kwanza mjini Zanzibar walikuwa watumwa waliokodishwa, na sehemu ya ujira wao ilikwenda kwa mabwana zao. Wako mafundi, maseremala na waashi, waliokuwa katika hali hiyo hiyo. Mtu aliyeweza kupiga ngeu ya mlango wa tajiri aliweza pia kurudi jioni na kuhesabu fedha yake mbele ya bwana wake. Nasema haya ili mtu asidhani kwamba nasifu zamani kana kwamba ilikuwa bustani. Lakini tazama karatasi ile: kabla yake, kazi ilijulikana kwa kazi, baada yake, kazi ilijulikana kwa karatasi.

Misheni ziliingia katika habari hii mapema. Mapadre wa Kifaransa waliofika Zanzibar mwishoni mwa mwaka 1860 walifungua karakana za useremala na uhunzi karibu mara moja, na mwaka 1868 wakaanza Bagamoyo, ambako watoto waliokombolewa utumwani walifundishwa kazi pamoja na sala. Huko Freretown, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, Waanglikana walifanya vivyo hivyo toka mwaka 1875. Wabenedikto walifika Peramiho mwaka 1898 na Ndanda mwaka 1906, na mwaka 1902 Wamarekani wa jamaa ya Marafiki wakaanza Kaimosi, wakiita misheni yao misheni ya kazi tangu jina lake. Katika karakana za Wakatoliki msimamizi alikuwa Bruda. Mabruda wengi wa Kijerumani walikuwa wametoka katika nchi yenye desturi yake ya ufundi: mwanafunzi wa kazi, kisha fundi aliyehitimu afanyaye kazi kwa mwingine, kisha fundi bingwa aliyepewa ruhusa ya kufundisha. Desturi hiyo na desturi ya kiwanda cha pwani zingaliweza kusalimiana kama binamu. Mahali pengine zilisalimiana, mahali pengine hazikutambuana.

Nataka kutaja mmoja tu kwa jina, maana kazi yake yajulikana, na Kiswahili kilikuwa lugha aliyoitumia kwanza. Alexander Mackay, Mskochi mwenye elimu ya mitambo, alifika Zanzibar mwaka 1876. Mwaka 1877 alikata njia toka Saadani hata Mpwapwa, akiwa juu ya kundi la watu wenye mashoka na mapanga; huko, twaweza kusema, alikuwa mnyapara. Mwaka 1878 alifika Buganda, na kwa kuwa wafanyi biashara wa pwani walikuwa wamemtangulia, Kiswahili kilifahamika barazani kwa Kabaka Mutesa, naye akaweza kusema na watu kabla hajajua Kiganda. Alisimamisha karakana yenye tanuri na kerezo, akachonga hata herufi za mti za kupigia chapa karatasi za kusomea. Watu walikuja kutazama jinsi Mzungu huyu anavyochafuka mikono, jambo lililowastaajabisha zaidi ya vyombo vyake.

Mwaka 1882 mama yake Kabaka, Namasole Muganzirwazza, alifariki. Mutesa alitaka azikwe kwa heshima kama wazikwavyo wafalme wa Ulaya, na Mackay akatakiwa kutengeneza majeneza matatu, moja ndani ya jingine: la ndani la mbao, la kati la shaba, la nje la mbao tena. Mafundi wa Kabaka walifanya kazi pamoja naye. Kila ajuaye useremala ataona kwamba shida ya kazi hii si ukubwa wake. Shida ni kwamba sanduku la kati halina kipimo chake lenyewe, bali latwaa kipimo chake kwa lile la ndani pamoja na unene wa mbao zake, na la nje latwaa kwa la kati pamoja na unene wa shaba na misumari yake. Wanda mmoja ukipotea mwanzo, mwisho sanduku halitaingia, na huku maiti ya mama wa mfalme yangoja. Katika kazi ya namna hiyo, kati ya watu wa lugha mbalimbali na mbinu mbalimbali, hapana budi kipimo kiwe kimoja na mwenye kukishika awe mmoja. Kwa hiyo Mackay, aliyekuwa mnyapara katika njia ya Mpwapwa, alikuwa fundi mkuu hapa kwa maana ya zamani kabisa, ijapokuwa kipimo chake kilikuwa futi wala si mkono. Alikufa Usambiro, kusini ya Ziwa Viktoria, mwezi wa Februari 1890.

Lakini futi ile ilikuwa imeleta jambo ambalo nadhani hakuna aliyelitambua wakati ule. Futi ni mkono ambao hauna mtu. Yanunuliwa, yakopeshwa, yaning'inizwa ukutani, na mtoto wa darasa la tatu aweza kuisoma sawasawa na mzee wa miaka sitini. Hii ni neema kubwa. Yeyote aliyewahi kuagiza fremu za madirisha toka mji mwingine aijua neema hiyo. Walakini mara kipimo kilipotoka katika mwili wa fundi, haikuwa lazima tena kwamba mwenye kushika kipimo awe fundi. Aliweza kuwa mtu yeyote ajuaye kusoma. Na mara hiyo neno msimamizi, lililokuwa likingoja nje na daftari lake, likapata mlango wa kuingilia kiwandani.

Liliingia kwa njia nyingi. Shule ya serikali ya Kidachi iliyokuwa Tanga, ile iliyopiga chapa gazeti la Kiongozi, ilifundisha kazi za mikono pamoja na kuandika, na waliotoka humo walitafutwa zaidi kwa kuandika. Reli ya Uganda, iliyoanzwa Mombasa mwaka 1896 na kufika ziwani mwaka 1901, ilileta watu zaidi ya 31,000 toka Bara Hindi, na maseremala wa Kisingasinga waliobaki au waliowafuata ndugu zao baadaye wakawa mabwana wa karakana nyingi za Nairobi, ambako watu huwaita Makalasinga. Wengi wa maseremala wetu wa bara walijifunza kwa kuwatazama, wakishika upande wa pili wa ubao. Katika miaka ya 1920 serikali ya Kenya ilifungua chuo cha ufundi Kabete, na vyeti vikaanza kutolewa. Cheti ni kitu chema. Ila cheti husema mtu amejifunza nini, hakisemi mti umekauka au haujakauka.

Nitoe mfano. Katika misheni moja, ambayo sina haja ya kuitaja, viliagizwa viti virefu vya kanisa sitini, viwe tayari kabla ya Pasaka. Msimamizi alikuwa kijana mwenye cheti, mpole, mwenye mwandiko mzuri sana. Nami wakati ule nilikuwa mwalimu wa hesabu katika shule ya jirani, na karakana niliijua kwa kupita tu. Mbao zilizoletwa zilikuwa za mkaratusi, kwa kuwa ndizo zilizokuwa rahisi. Mzee mmoja aliyekuwa amefanya kazi humo tangu ujana wake aliinua ubao mmoja, akaupima uzito mkononi, akaugonga kwa kongo la kidole, akasema, “Mwanangu, mti huu bado u hai.” Yule kijana akamjibu kwa adabu, “Babu, siku zilizoandikwa zimetimia.” Na kweli zilikuwa zimetimia daftarini. Lakini ubao uachwao kukauka kivulini, umepangwa kwa vijiti katikati ili upepo upite, hutaka karibu mwaka mzima kwa kila inchi moja ya unene wake, na mkaratusi ni mti mkaidi kuliko mingi: hupinda, husinyaa, hupasuka vichwa. Tena mti hausinyai kwa urefu wake ila kidogo mno. Husinyaa kwa upana, na kwa upana wenyewe husinyaa kama mara mbili zaidi kwa kuzunguka moyo kuliko kwa kuelekea moyo. Ndiyo sababu ubao hupinda kama kikombe, na ndiyo sababu ulimi uliochongwa ukiwa mbichi hulegea katika tundu lake ukikauka.

Viti vilikuwa vizuri sana siku ya Pasaka. Kipupwe kilipokuja, vikaanza kulia kila watu walipoketi, na kufika mwezi wa Agosti kumi na saba vilikuwa vimefunguka viungo. Gharama ya kuvitengeneza ilikatwa katika mishahara ya wale waliopiga randa na kuunga, kwa maana daftari lilikuwa na majina yao, kila mtu na viti vyake. Jina la mtu aliyeamuru mbao zile zikatwe halikuwamo daftarini, kwa kuwa daftari halikuwa na safu ya jambo hilo. Yule mzee alikatwa kama wengine. Hakusema neno. Mwezi uliofuata hakuonekana tena karakanani, nikasikia anatengeneza vitanda nyumbani kwake.

Baadaye mimi mwenyewe niliitwa kusimamia karakana hiyo, na jambo la kwanza nililofanya ni kumwendea mzee yule. Alikubali kurudi kwa shauri moja: kwamba hapana ubao utakaotiwa msumeno bila yeye kuutia alama. Nikanunua chaki nyekundu, maana ngeu haikupatikana sokoni kwetu, na tangu siku hiyo ubao usio na alama yake haukupita. Daftari nililishika mimi. Nililiongezea safu moja, ya jina la aliyeuruhusu mti. Mara mbili alikataa mvule mzuri sana wa kuangalia. Tulipoupasua mmoja ili kumjaribu, tukakuta jiwe ndani yake, kwa maana mvule huweka chokaa mwilini na kuifanya kuwa jiwe gumu livunjalo meno ya msumeno. Nikamwuliza alijuaje. Akasema mlio wake ulikuwa mfupi. Nimegonga mivule mingi tangu hapo, nami sasa nausikia mlio ule, ila si kila mara.

Lazima niseme na upande wa pili, maana wako wenzangu wanaodhani kwamba kurudi kwa fundi mkuu wa zamani kungeponya kila kitu. Fundi wa zamani alikuwa na choyo ya elimu. Aliweza kumweka mwanafunzi miaka saba akinoa patasi, kwa hofu kwamba akihitimu atafungua kiwanda chake mtaa wa pili. Alipokufa, mkono wake ulizikwa pamoja naye, na kijiti chake kikatiwa motoni na wajukuu wasiojua ni nini. Hakuwa na hesabu. Aliyelipwa vizuri alikuwa mpwa wake. Daftari la msimamizi, pamoja na ubaya wake wote, liliwafanya wageni na yatima waweze kudai haki yao kwa tarehe na kwa shilingi. Mimi singekubali kufanya kazi mahali pasipo daftari. Lakini watu wawili wakiwa na amri moja chombo huenda mrama, na shauri langu kwa walimu ni kwamba amri zigawanywe wazi tangu mwanzo: mwenye daftari aamuru watu na saa, mwenye chaki aamuru mti. Na akiwapo mtu mmoja awezaye yote mawili, basi aitwe fundi mkuu, wala asiitwe msimamizi, ili wanafunzi wajue ni lipi kati ya hayo mawili lililompa cheo.

Jambo moja la kufurahisha nimeliona katika biashara ya mbao. Nchi zetu zimekwisha kugeukia mita na sentimita tangu miaka mingi, na shuleni hatufundishi kingine. Walakini nenda Iringa au Dar es Salaam ukanunue mbao, utasikia watu wakisema mbili kwa nne, mbili kwa sita, moja kwa nane, nazo ni inchi. Vijana ambao hawajaona futi ya inchi maishani mwao huyatamka maneno hayo kama majina ya ndugu zao. Kadhalika nimesikia seremala akimwambia mwanafunzi, “Sogeza wanda,” na mtoto akasogeza upana wa kidole chake mwenyewe, pasipo kuuliza.

Mwisho nina ombi. Walimu walioko Lamu, Pemba, Kilwa na Mafia, ambako vyombo vya bahari vingali vikiundwa kwa macho pasipo michoro, wanisaidie kwa maneno mawili. Kwanza, mtu apigaye ngeu katika chombo kinachoundwa huitwaje kwao, ni fundi mkuu au ana jina jingine? Pili, maneno nokoa na kadamu, je, yako kwa wazee wa kiwandani, au yamebaki katika vitabu tu? Aliye na kijiti cha kipimo cha fundi wa zamani, hata kilichovunjika, atafanya hisani akikipima kwa sentimita na kuniandikia urefu wake, pamoja na jina la mahali kilipotumika.